Mwalimu wa Lindi anauliza: mashua au ngalawa?

Barua imenifikia kutoka Lindi mjini. Aliyeandika ana miaka 61, amefundisha Masasi na Newala kwa miaka 33, na sasa amerudi pwani alikozaliwa. Anasema hivi:

"Nilikulia Mchinga, na baba alikuwa mvuvi, lakini tangu nilipokwenda shule ya bweni sijashika kasia. Sasa nimestaafu. Sitaki kuvua kwa biashara, nataka kutembea na tanga tu nikiwa na nguvu bado. Kuna mashua ya mita 9 inauzwa, bei inanivutia. Fundi mmoja ananishauri ngalawa. Ninunue ipi? Niweke mashine? Je, nitaweza kufika nayo Kilwa Kisiwani? Na mke wangu anaogopa, anasema bahari haianzwi uzeeni. Nimjibuje?"

Mwalimu, salaam kutoka Mikindani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wastaafu wengi wanaonitafuta huja wakiwa wamekwisha kulipa, na kinachobaki ni kuwasaidia kupunguza hasara. Wewe umeuliza fedha zikiwa bado mfukoni. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, kama ambavyo ningependa mtu anijibu mimi.

Mashua ile iache. Sijaiona na sina ubaya na mwenye kuiuza. Huenda ni chombo kizuri kabisa. Tatizo ni uzito. Mashua ya mita 9 ina foromali, mti unaobeba tanga, ambayo urefu wake hukaribia urefu wa chombo chenyewe, na juu yake kuna tanga ambalo likilowa huongeza uzito maradufu. Kulitweka, yaani kulipandisha, kunataka watu watatu au wanne wenye mikono. Chombo kikishikwa na fungu la mchanga maji yakipwa, kukisukuma kunataka zaidi ya hao. Wavuvi wanao, kwa sababu kila mmoja ana fungu lake katika samaki. Wewe huvui. Kila utakapotaka kutoka saa moja tu kupunga upepo, itabidi ukusanye watu wanne na uwalipe, na baada ya miezi mitatu utaanza kutoka mara moja kwa mwezi, kisha sikukuu kwa sikukuu, kisha mashua itakuwa inalala matopeni chini ya mikoko. Mbao zikikauka jua, kalafati, ile pamba inayoziba kati ya mbao, inaachia. Nimeona vyombo vya wastaafu watatu vikiishia hivyo hapa ghubani kwetu, na vyote vilinunuliwa kwa mafao ya mkupuo.

Nikueleze lililonipata mimi, maana nimeongoza majahazi kati ya Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia kwa miaka 19, na bado lilinipata. Nilikuwa na miaka 58. Asubuhi moja tulivu hapa Mikindani nilitaka kutweka tanga la mashua ndogo peke yangu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ilikuwa imelowa umande, ikateleza. Foromali ikaja chini, nami nikainyooshea mkono wa kushoto kuizuia. Kifundo cha mkono kilivunjika pale pale. Na wakati nimekaa sakafuni nikiugulia, maji yalikuwa yanapwa, chombo kinaelea taratibu kuelekea mlangoni mwa ghuba. Walionivuta ni vijana wawili wa mtumbwi waliokuwa wanarudi kutoka kutega. Upepo haukuwepo, wimbi halikuwepo, na ujuzi haukunipungukia. Kilichokuwa kimebadilika ni mkono wangu tu. Tangu siku ile sitweki tanga peke yangu, na chombo ambacho watu wawili hawakimudu sikipandi kama mwenye chombo.

Kwa hiyo fundi wako yuko sahihi: ngalawa, ya mita 5 au 6, yenye mirengu miwili mizima, zile mbao za pembeni zinazozuia chombo kupinduka. Mirengu ndiyo inayokufaa wewe kuliko yote, kwa sababu inakisamehe chombo makosa ya mwanafunzi. Upepo ukipiga ghafla, ngalawa inaegemea mrengu na kukupa nafasi ya kuachia demani, kamba inayoshikilia tanga. Ubaya wake ni kwamba iko chini, utalowa, na kukaa humo si kukaa kitini. Ukiwa na maumivu ya magoti au kiuno, jaribu kwanza kukaa mle saa mbili ikiwa imefungwa nangani, kabla ya kutoa hata shilingi. Ikiwa huwezi kabisa, dau dogo la mita 5 ni la pili kwa ubora: pana zaidi, unakaa juu ya ubao, ila linaomba farumi kidogo, uzito wa kulituliza, na halisamehi kama ngalawa.

Lakini hata ngalawa usiinunue leo. Bahari unayotaka kutembelea iko mlangoni kwako, nayo ni ghuba ya Lindi na mdomo wa mto Lukuledi. Ijue hiyo kwanza, mwaka mmoja mzima, kusi na kaskazi, kwa chombo cha kukodi pamoja na mwenyewe. Kuna wazee pale ng'ambo Kitunda wanaojua kila fungu la mchanga linapohamia baada ya mvua. Mlipe mmoja siku yake, mfuate, uliza. Baba yako alijua bahari ya Mchinga kwa sababu aliirudia kila siku, na wewe ulichobaki nacho ni kumbukumbu ya mtoto aliyekaa chomboni, nayo ni nzuri kuwa nayo, lakini aliyekuwa ameshika usukani ni yeye.

Anza na maji. Unajua tangu utotoni kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Unajua pia kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanayopanda na kushuka sana, na katikati yake huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Ambalo watu wengi wa rika letu waliokwenda bara wamelisahau ni kwamba, kwa sababu maji yanafuata mwezi, saa za bamvua karibu hazibadiliki mwaka mzima. Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ndiyo maana watafuta pweza unawaona wamejaa miambani asubuhi za bamvua na siyo siku nyingine. Zikipita siku saba hivi, zile dakika 50 zimefika saa sita, na mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa.

Sasa hesabu mwenyewe, Mwalimu. Siku za bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitoka asubuhi, utarudi ukute chombo hakifiki ufukweni, na wewe unatembea kwenye matope mita 200 na zaidi umebeba nanga, makasia na dumu la maji, jua la saa 5 likiwa kichwani. Ukiwa na miaka 25 hilo ni mazoezi. Ukiwa na miaka 61, matope ndiyo yatakayokutoa baharini mapema, kabla hata ya wimbi. Siku za maji mafu unaondoka saa 1 asubuhi maji yakiwa yanapanda, yanakuinua badala ya kukuacha, na saa 5 unarudi unashuka ukiwa na maji ya magoti. Mkondo nao ni mdogo. Kila mwezi una vipindi viwili vya namna hiyo, kila kimoja siku nne au tano nzuri. Siku 8 hadi 10 kwa mwezi za bahari ya starehe, mstaafu anataka nini zaidi? Nunua kalenda yenye mwezi, uzizungushie duara siku hizo kuanzia Januari hadi Desemba, na mipango mingine ya asubuhi izizunguke.

Sehemu moja ya kuogopa kweli hapo kwenu ni mdomo wa Lukuledi maji yanapotoka. Mto unasukuma nje, bahari inapwa nje, na mchana upepo unaingia ndani. Maji na upepo vikikutana uso kwa uso, mawimbi husimama mafupi na makali, hata kama ukiwa ufukweni huoni kitu cha kutisha. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, hali hiyo huwa mbaya zaidi kwa sababu mto umejaa, na unashuka na magogo. Mimi nimemwona nahodha mzuri akisubiri saa mbili nje, ametupa nanga, anangoja tu maji yageuke. Jifunze kungoja hivyo. Beba chakula cha kungojea.

Upepo sasa. Kusi linaanza Aprili, linakuwa kali Juni hadi Agosti, kisha linalegea. Kaskazi ni Desemba hadi Machi. Katikati kuna malelezi, vipindi vya upepo usiotulia, na zile wiki za mwisho wa kusi, Septemba hadi Novemba, ambazo wazee wetu waliziita demani pia, kama ile kamba: upepo mwanana, maji safi, mvua haijaanza. Huo ndio msimu wako. Najua tatizo lake. Mtu wa Lindi bila shaka ana mikorosho, na korosho huokotwa wakati huo huo. Lakini angalia jinsi mwaka unavyojipanga: wakati wa kupuliza salfa shambani ndio wakati kusi linapovuma, ambapo chombo chako kinatakiwa kiwe juu nchi kavu hata hivyo. Maliza kazi nyingi za shamba kipindi hicho, na korosho zikianza kudondoka, gawa asubuhi: maji mafu ni ya tanga, bamvua ni ya korosho. Mimi nina mikorosho 40 na nimeishi kwa utaratibu huo miaka tisa.

Ndani ya siku moja pia kuna pepo mbili. Alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini, ule tunaouita umande, nao utakutoa nje bila kupiga kasia. Jua likipanda, bara linapata joto, upepo unageuka na kuingia kutoka baharini. Ukitoka na umande ukarudi na upepo wa bahari, siku nzima hujabisha, yaani hujapigana na upepo wa mbele, hata mara moja. Anayechelewa kuamka anakutana na kinyume chake.

Kila jioni sikiliza au soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tahadhari zao mara nyingi hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na wakisema hivyo hata majahazi hukaa. Kwa mwaka wako wa kwanza mimi nakuwekea mpaka wa kilomita 25. Kama huna namba, tumia macho: ukisimama ufukweni ukaona mawimbi mengi yana povu jeupe vichwani, rudi nyumbani ukanywe chai. Na usidhani vimbunga ni habari ya Msumbiji tu. Wazee wa Lindi walisimulia cha mwaka 1952 kilichopiga mji wao, mwaka 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, jirani kabisa na sisi watu wa Mtwara, na Mei 2024 Hidaya kiliposogea pwani, mvua zake zilikata barabara ya Lindi kule Kilwa. Aprili na mwanzo wa Mei, maji yakiwa bado ya moto, usiache chombo kwenye nanga ukaenda msibani Masasi. Kivute juu, kifunge kwenye mnazi, tanga liweke ndani ya nyumba.

Kilwa. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo, kisha nitakurudishia.

Kutoka Lindi hadi Kilwa Masoko kwa bahari ni kiasi cha kilomita 120. Ngalawa ikienda vizuri, kilomita 8 kwa saa kwa wastani, hiyo ni saa 15, na mwanga wa jua una saa 12. Utalazimika kulala njiani, na mahali pa kujificha pa maana ni ghuba ya Kiswere. Hayo yanawezekana. Gumu ni kurudi. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki hufika Afrika karibu na rasi ya Delgado, hapo chini yetu, na kugawanyika: mkono mmoja unashuka Msumbiji, mwingine unapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi, Kilwa. Huo unaopanda haupumziki mwaka mzima. Wakati wa kusi unakwenda na upepo, unaongezeka kasi. Kwa hiyo safari ya Kilwa wakati wa kusi unasukumwa mgongoni na upepo na maji, unafika unacheka. Kurudi Lindi ni kubisha dhidi ya vyote viwili, siku kwa siku. Majahazi yetu hayakujaribu. Tulikwenda kwa kusi tukarudi kwa kaskazi, na kukaa kule miezi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Sasa la kukurudishia. Panda basi mpaka Nangurukuru, ushuke Masoko, ulale. Asubuhi kata kibali cha kutembelea magofu pale pale Masoko, kisha mwombe mwenye dau akuvushe kwa tanga, na umwombe akuachie usukani katikati ya mlango. Ni mwendo mfupi, lakini unaingia Kisiwani kwa njia ile ile waliyoingilia wafanyabiashara wa dhahabu ya Sofala, Msikiti Mkuu unauona unakua mbele ya omo, yaani pua ya chombo. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ukuta wake wa baharini ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotokea upande huo huo. Mimi nimefika kwa boti ya mashine na nimefika kwa tanga. Kwa tanga ndiyo niliyoikumbuka.

Na hapo karibu yako una ya kutosha. Sudi peke yake ina hori, vijito vya bahari vinavyoingia nchi kavu, ambazo hutazimaliza kwa miaka miwili, mikoko pande zote, maji yametulia hata kusi likivuma nje. Oktoba hadi Aprili matope ya kando ya mikoko hujaa vitwitwi na ndege wengine waliosafiri kutoka Ulaya na Asia. Ukikaa kimya chomboni maji yakiwa yanapanda, wanasogezwa kuelekea kwako hatua kwa hatua, maana maji yanawapunguzia uwanja. Julai hadi Novemba nyangumi hupita nje, na sisi wa Mtwara tunawaona wakiwa na watoto. Ukiwahi kumwona mmoja, teremsha tanga, kaa mbali si chini ya mita 100, mwache apite. Ukifika siku moja upande wa Msimbati, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna ada na kuna masharti, pita ofisini kwao kwanza.

Mashine usiweke. Ngalawa haikuundwa kubeba uzito ule tezini, yaani nyuma, na mwanafunzi mwenye mashine hajifunzi kungoja maji. Weka makasia mawili mazuri, kafi moja na pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Ukishapata dau, miaka miwili baadaye, tutazungumza upya.

Siku ya kununua ikifika, nenda maji yakiwa yamepwa na chombo kiko mchangani. Chukua kisu kidogo chenye ncha, gusa mbao kuanzia mkuku, ule mti wa chini kabisa, kwenda juu. Ubao mzima unakataa, uliooza unameza ncha. Wadudu wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao huacha tundu dogo nje, hata la sindano, ilhali ndani wamechimba mfereji mzima, kwa hiyo tundu chache zisikudanganye. Gonga kwa fundo la kidole, sikiliza panapolia wazi. Kisha fanya ambalo wauzaji hawalipendi: omba mjaze maji ndani ya chombo hadi robo, mzunguke nje mkaangalie panapotoka. Panapotoka maji ndipo yatakapoingilia. Kwa ngalawa angalia pia kamba zinazofunga mirengu, na mti wa kati wenyewe. Mti huo ukipasuka kwenye kitako cha mlingoti, ufa huo hauna dawa ya kudumu.

Ukishakinunua, kazi yake ni kila mwezi, katika bamvua, wakati chombo kinakauka chenyewe. Kwangua chini, pitisha moto wa makuti makavu haraka haraka kuua wadudu, halafu paka shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, kama walivyopaka babu zetu. Kuna rangi za kisasa za dukani, nazo ni nzuri, lakini mwezi wa kwanza fanya ya mkono, ili kila inchi ya chombo chako uwe umeigusa. Usikate mikoko kwa ajili ya foromali wala kitu kingine. Ni misitu iliyohifadhiwa kisheria, na bila hiyo hata samaki wa ghuba yako hawana pa kuzalia.

Karatasi hazitakusumbua ukizianza mapema. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndio wanaokagua usalama wa vyombo vidogo na kutoa cheti, na ukitaka kutupa mshipi wakati mmoja mmoja, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri na kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako. Viongozi wa BMU nawaomba uwajue kwa sababu nyingine pia: wao ndio watakaogundua kwamba hujarudi. Kila unapotoka, mwachie mtu mmoja wa mwaloni jina la unapokwenda na saa ya kurudi.

Usitoke peke yako. Tafuta kijana mmoja wa mwaloni, mwenye adabu, mtoto wa mvuvi, na mfanye awe wako wa siku zote. Mlipe siku nzima hata kama upepo umekataa mkarudi baada ya saa moja, maana asubuhi yake umeichukua. Yeye atweke, wewe shika usukani na demani. Tanga la pembetatu likibadilishwa upande, foromali inabidi ipitishwe mbele ya mlingoti huku chombo kimeupa upepo tezi, na hapo ndipo wanafunzi wanapojeruhiwa vichwa. Fanyeni zoezi hilo mara 20 ndani ya ghuba, upepo ukiwa mdogo, kabla ya kuvuka mdomo wake. Huyo kijana naye atapata kitu kwako. Wengi wao hisabati iliwashinda, na wewe ni mwalimu.

Juu ya mwili wako, ongea na daktari kabla, hasa ukiwa na dawa za presha. Baadhi yake hukutoa maji mwilini, na jua la baharini linakutoa mengine, unaweza kushikwa na kizunguzungu ukiwa umesimama. Lita 3 za maji kwa kila mtu kwa asubuhi moja. Kofia ya kufunga kidevuni, shati la mikono mirefu, na viatu vya plastiki, hata yeboyebo, kwa ajili ya kushukia. Ukitembea kwenye maji ya mchanga, buruta miguu, usiinyanyue, ili taa aliyelala aondoke kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, nenda hospitali. Jaketi la kuokolea livae tangu ufukweni, lifunge. Watu wengi wa pwani huliweka chini kama mto wa kukalia, nami nimehudhuria mazishi kwa sababu hiyo. Na chombo kikipinduka, kishikilie. Ngalawa ya mti haizami, hata ikijaa maji itaelea sawa na uso wa maji na mtaonekana. Anayeiacha ili aogelee hadi nchi kavu inayoonekana karibu, mara nyingi haifiki.

Limebaki la shemeji. Hofu yake usiibishie, ina sababu: ametoka bara, na kila habari ya bahari aliyowahi kusikia ni ya aliyezama. Mvushe kwanza kwa kivuko hadi Kitunda, mkanunue samaki, mrudi. Fanya hivyo mara tatu nne. Kisha Septemba, siku ya maji mafu, saa 2 asubuhi, mwambie yule kijana aje na ngalawa ikiwa maji yamefika pazuri pa kupandia, asilazimike kutembea matopeni. Mvalishe jaketi wewe mwenyewe, ujaribu vifungo mbele yake. Mweke karibu na tezi, mbele yako, ambako maji hayarushi sana na anakuona uso. Usimwambie ashike kitu chochote. Msitoke nje ya ghuba, hata upepo uwe mzuri namna gani, na saa moja ikitimia geuzeni, hata kama anasema bado.